Namna ya Kuagana kwa Kiayalandi: Mwongozo wa Kulitumia Neno “Slán”

Msafiri anayezunguka Ayalandi kwa gari hukutana na neno hili kabla hajalitafuta. Anapoingia katika mji mdogo, kibao humkaribisha kwa neno “Fáilte”, na anapotoka upande wa pili, kibao kingine humwambia “Slán abhaile”. Maneno hayo ni ya Kiayalandi, lugha ambayo wenyewe huiita “Gaeilge”, na kwa mujibu wa ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1937 ndiyo lugha rasmi ya kwanza ya nchi hiyo, ijapokuwa wananchi walio wengi huendesha maisha yao ya kila siku kwa Kiingereza. Katika sensa ya mwaka 2022, watu 1,873,997 walisema kwamba wanaweza kuizungumza, lakini ni takriban 72,000 tu waliosema kwamba huitumia kila siku nje ya shule. Pengo hilo ndilo linaloyapa uzito maneno madogo ya aina hii, kwa kuwa hata mtu aliyesahau karibu kila kitu alichofundishwa darasani bado huagana kwa “slán”, naye humpokea kwa furaha mgeni anayeagana naye vivyo hivyo.

Mwongozo huu unamlenga Mswahili anayeishi Ayalandi, anayejiandaa kwenda huko, au anayejifunza lugha hiyo kwa kuipenda tu. Hatua zimepangwa kwa utaratibu ambao ningependa mwanafunzi aufuate, yaani maana kwanza, kisha sauti, kisha matumizi, kwa sababu anayekariri matumizi bila kujua maana hushindwa mara hali inapobadilika kidogo.

Hatua ya kwanza: Ielewe maana iliyo chini ya kuagana

Kamusi nyingi ndogo zitakuambia kwamba “slán” ni “kwaheri”, na hapo zitaishia. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha nje sehemu iliyo muhimu zaidi. Kwa asili “slán” ni neno la sifa lenye maana ya mzima, asiyedhurika, asiyepungukiwa na kitu, na hadi leo linaendelea kutumika hivyo. Mtu aliyenusurika katika ajali husemwa “tháinig sé slán”, yaani alitoka mzima, na ikiwa ni mwanamke, “tháinig sí slán”. Msafiri aliyefika bila dhara amefika “slán sábháilte”, maneno mawili yanayoanza kwa sauti moja na kwenda pamoja, nasi tuna yetu yanayolingana nayo kabisa: salama salimini.

Maana hiyo ya uzima imezaa ukoo mkubwa wa maneno, na inafaa kuufahamu mapema kwa kuwa utakutana nao kila mahali. “Sláinte” ni afya. “Easlán” ni mtu asiye mzima, mgonjwa. “Slánaitheoir” ni Mwokozi, neno ambalo Mkristo atalisikia kanisani ibada inapoendeshwa kwa Kiayalandi. Mwanafunzi wa shule zinazofundisha kwa lugha hiyo atakutana na “slánuimhir” katika somo la hesabu, yaani namba nzima, namba isiyo na sehemu. Hata mmea mmoja wa majani membamba unaoota kando ya njia, ambao wazee waliutumia kutibu majeraha, huitwa “slánlus”, mmea wa uzima.

Kwa hiyo anayekuambia “slán” wakati wa kuagana anakutakia ubaki mzima. Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kulisikia neno hili karibu na “salama” kwa sauti na kwa maana, na anaruhusiwa kuutumia ukaribu huo kama msaada wa kumbukumbu, mradi asidhani kwamba maneno hayo ni ndugu. “Salama” limetufikia kutoka Kiarabu, ilhali “slán” ni neno la Kiselti, yaani la ukoo wa lugha ambamo Kiayalandi kimo, na lilikuwamo katika Kiayalandi tangu maandishi yake ya kale.

Hatua ya pili: Litamke na uliandike pamoja na alama yake

Alama iliyo juu ya herufi “á” huitwa “síneadh fada”, au “fada” kwa kifupi, nayo huonyesha kwamba irabu inavutwa. Mswahili hapati taabu hapa, kwa sababu tunajua tofauti iliyopo kati ya “kata” na “kataa”. Tamka “slaan”, sauti ya “s” na “l” zikifuatana bila kuchomeka irabu kati yake. Epuka kusema “silaan”, kosa linalotujia kirahisi sisi tuliozoea silabi wazi.

Usiidharau alama hiyo katika maandishi. Kiayalandi kina jozi nyingi za maneno yanayotofautishwa nayo peke yake: “Seán” ni jina la mtu, lakini “sean” ni -zee, “féar” ni nyasi, lakini “fear” ni mwanamume. Katika simu, bonyeza herufi “a” kwa muda kidogo hadi orodha ya herufi zenye alama ijitokeze. Katika kompyuta iliyowekewa kibodi ya Kiayalandi, shikilia kitufe cha AltGr kisha ubonyeze “a”.

Hatua ya tatu: Tazama ni nani anayeondoka

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na ndipo wanafunzi wengi wanapokosea kwa kuwa kamusi ndogo hazikuwatahadharisha. Kiayalandi kina maneno mawili ya kuagana, moja kwa anayekwenda na jingine kwa anayebaki.

Anayebaki humwambia anayeondoka “slán leat”. Neno “leat” maana yake ni “pamoja nawe”, na hutamkwa kwa mkato kama “lyat”. Ni kusema: uzima ukuandamane huko uendako. Anayeondoka naye humwambia anayebaki “slán agat”. Neno “agat” ni “kwako”, yaani uzima uwe hapo ulipo, ubaki nao. Matamshi ya “agat” hubadilika kwa mikoa, na huko Connemara, magharibi mwa nchi, sauti ya “g” humezwa hadi neno likawa kama “aad”. Ukitamka “agat” kama lilivyoandikwa utaeleweka kote.

Kiswahili kinatuandaa vizuri kwa tofauti hii, ingawa “kwaheri” yenyewe haiionyeshi. Mwenyeji anayemsindikiza mgeni mlangoni humwambia “safari njema” au “uende salama”, na mgeni hujibu “mbaki salama”. Hakuna Mswahili atakayemwambia “safari njema” mtu aliyekaa kwenye kiti chake nyumbani. Basi “slán leat” iweke upande wa “uende salama”, na “slán agat” upande wa “ubaki salama”, nawe hutakosea.

Chukua mfano wa mtu aliyemtembelea jirani yake jioni. Anaposimama na kuchukua koti lake husema “slán agat”, kwa sababu yeye ndiye anayekwenda. Jirani aliyebaki kwenye kizingiti hujibu “slán leat”. Asubuhi, mama anayempeleka mtoto shuleni na kumwacha getini huwa ndiye anayeondoka, hivyo ni yeye wa kusema “slán agat”, na mtoto hujibu “slán leat”. Jizoeze kujiuliza swali moja kabla ya kufungua mdomo: ni miguu ya nani itakayotoka mahali hapa?

Watu wawili wakiagana njia panda, kila mmoja akishika njia yake, wote wawili wanaondoka, na kila mmoja anaweza kumwambia mwenzake “slán leat”. Katika simu au katika mazungumzo ya video hakuna anayetoka mahali popote, hivyo usijisumbue. Sema “slán” peke yake, au “slán go fóill” itakayoelezwa mbele.

Ni kweli kwamba wazungumzaji wengi wa mijini, hasa waliojifunza lugha shuleni, husema “slán leat” kwa kila mtu au hukata kabisa na kusema “slán” tu. Hakuna atakayekukemea ukifanya hivyo. Hata hivyo ninamshauri mwanafunzi aishike tofauti hii tangu mwanzo, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwamba anayeagana amemtazama mwenzake na kujua anakokwenda, na katika maeneo ya “Gaeltacht”, ambako lugha bado ni ya nyumbani, kama vile sehemu za Donegal, Galway na Kerry, wenyeji wataisikia mara moja.

Hatua ya nne: Hesabu watu

“Leat” na “agat” ni kwa mtu mmoja. Wakiwa wawili au zaidi, “leat” huwa “libh”, inayotamkwa “liv”, na “agat” huwa “agaibh”, inayotamkwa takriban “agiv”. Kwa hiyo anayetoka katika chumba chenye watu wengi husema “slán agaibh”, nao waliobaki, wakimjibu yeye peke yake, husema “slán leat”. Ni kazi ile ile tunayoifanya tunapoongeza “-ni” na kusema “kwaherini”.

Tahadhari moja kuhusu heshima. Mswahili aliyelelewa kumwamkia mkubwa wake kwa “shikamoo” anaweza kutafuta namna ya pekee ya kuagana na mzee, na pengine akaazima wingi kama wafanyavyo Wafaransa. Katika Kiayalandi cha leo wingi ni wingi tu; “slán leat” humfaa mtoto, mwalimu, hata waziri. Zamani, katika baadhi ya maeneo, padri alikuwa akisemeshwa kwa wingi, lakini mgeni halazimiki kuifuata desturi hiyo. Heshima utaionyesha kwa sauti, na kwa kuongeza jina kama hatua ya sita inavyoeleza.

Hatua ya tano: Ongeza mahali au wakati

Ukishamiliki maneno hayo mawili, panua kidogo. “Slán abhaile” husemwa kwa mtu anayerudi nyumbani kwake, kwa kuwa “abhaile” ni “kwenda nyumbani”. Kaskazini na magharibi hutamkwa “awalye”, kusini “avalye”. Ndiyo maana vibao vya barabarani huitumia: vinachukulia kwamba anayetoka mjini anarudi kwao. Usimwambie maneno haya mtu anayekwenda kazini au anayeanza safari ya kwenda nchi nyingine. Huyo mtakie “go n-éirí an bóthar leat”, ambayo maana yake halisi ni “njia ikufanikie”, yaani safari njema, au mwambie “go dté tú slán”, uende salama.

Maneno “slán abhaile” yana historia yake pia huko Ireland ya Kaskazini. Baada ya kusitishwa kwa mapigano mwaka 1994, yalichorwa kwenye kuta za mitaa ya wafuasi wa jamhuri, yaani wanaotaka eneo hilo litoke chini ya Uingereza na kuungana na Ayalandi, mjini Belfast, pamoja na picha za askari wa Uingereza, kuwaambia askari hao kwamba wakati wao wa kurudi kwao umefika. Ukiikuta picha ya ukuta wa aina hiyo, ujue kwamba baraka ile ile ya mlangoni imegeuzwa dai la kisiasa.

Kwa upande wa wakati, “slán go fóill” ni kwaheri ya kuonana, na ndiyo ninayoipendekeza kwa watu mnaokutana mara kwa mara. “Slán tamall” ni kwaheri ya kitambo kidogo. “Slán anois”, ambayo neno lake la pili hutamkwa “anish”, ni kwaheri kwa sasa. Usiku ukiwa umeingia na watu wanakwenda kulala, acha “slán” kabisa na useme “oíche mhaith”, usiku mwema, au “codladh sámh”, lala unono.

Hatua ya sita: Mtaje mtu kwa jina

Kiayalandi hubadilisha jina la mtu anapoitwa moja kwa moja. Huanza kwa kitamkwa kidogo “a”, kisha konsonanti ya kwanza hulainishwa, jambo linaloonyeshwa katika maandishi kwa kuongeza “h”. Na majina mengi ya kiume hubadilika mwishoni pia. Kwa hiyo Máire huitwa “a Mháire”, na Seán huitwa “a Sheáin”, ambapo “Sh” hutamkwa kama “h” na si kama “sh” yetu. Ukiagana nao utasema “slán leat, a Mháire”, au “slán agat, a Sheáin”. Kundi la marafiki huitwa “a chairde”: “slán agaibh, a chairde”.

Majina yetu hayaleti matatizo makubwa. Herufi “J” hailainishwi, hivyo Juma hubaki “a Juma”. Jina linaloanza kwa irabu, kama Amina, hummeza “a” huyo katika matamshi, na msikilizaji husikia jina peke yake.

Hatua ya saba: Lifuate neno hadi “sláinte”

Huwezi kukaa Ayalandi bila kukutana na “sláinte”, nalo linastahili hatua yake. Hutamkwa “slaanche”, na kusini mwa nchi sauti ya “ch” huelekea zaidi “ty”. Wengi hulijua kama neno la kunyanyua glasi, na kweli mezani watu hugonganisha vinywaji na kusema “sláinte”, afya, au “sláinte mhaith”, afya njema, ambapo “mhaith” hutamkwa takriban “waa” au “vaa”. Glasi si lazima iwe ya pombe; anayekunywa maji au maji ya matunda anashiriki vivyo hivyo, wala hakuna ubaya.

Kwa mkazi, hata hivyo, matumizi yenye faida zaidi ni ya ofisini. Jengo lililoandikwa “Ionad Sláinte” ni kituo cha afya. “An Roinn Sláinte” ni Wizara ya Afya. “Árachas sláinte” ni bima ya afya, na “meabhairshláinte” ni afya ya akili. Mpango wa kurekebisha huduma za afya za taifa, uliotokana na ripoti ya kamati ya bunge ya mwaka 2017, ulipewa jina la Sláintecare, ambalo nusu yake ni neno hili. Anayelitambua anaposoma barua au bango hupunguza nusu ya mashaka yake.

Angalizo: mtu akipiga chafya usimwambie “sláinte”. Waayalandi husema “Dia linn”, Mungu awe nasi.

Hatua ya nane: Lisikie katika masimulizi

Wazee wa “Gaeltacht” huliingiza “slán” katikati ya habari pia, hasa habari mbaya. Anayesimulia ugonjwa au ajali iliyompata mwingine huweza kukatiza kwa kusema “slán mar a n-instear é”, yaani pawe salama hapa inaposimuliwa. Ni sawa na sisi tunapochomeka “Mungu apishe mbali”. Mgeni halazimiki kuisema, lakini anapoisikia asidhani kwamba msimulizi anaaga na kuanza kuinuka. Vilevile, kueleza kwamba uliagana na watu, Kiayalandi husema uliwaachia “slán”: “d’fhág mé slán acu”, niliwaachia uzima, niliwaaga.

Hatua ya tisa: Litumie kwa kiasi katika maandishi

Katika ujumbe wa simu kwa rafiki, “slán go fóill” inatosha kabisa. Barua ya kiofisi haimalizwi kwa “slán”. Barua hiyo huanza kwa “A chara”, yaani “ewe rafiki”, ambayo hutumika hata kwa mtu usiyemjua, na huishia kwa “Le meas”, kwa heshima, au “Is mise, le meas”. Kati ya namna hizo mbili ipo “slán is beannacht”, uzima na baraka, inayofaa kwa barua ya mkono au kadi kwa mtu mnayeheshimiana ambaye hamtaonana kwa muda mrefu.

Kuna mahali pamoja ambapo nakusihi usilitumie kabisa, napo ni kwa mfiwa. Msibani Mwayalandi humshika mkono mwenye msiba na kumwambia “ní maith liom do thrioblóid”, pole kwa yaliyokufika. Kuondoka hufanyika kimya au kwa maneno ya baraka kwa marehemu.

Hatua ya kumi: Fanya mazoezi kwa kusikiliza

Kituo cha Raidió na Gaeltachta kimekuwa hewani tangu mwaka 1972, na televisheni ya TG4 tangu mwaka 1996. Vyote viwili husikika na kutazamwa kwa intaneti. Usianze kwa kujaribu kuelewa kipindi kizima, kwa maana utakata tamaa siku ya kwanza. Fungulia dakika chache kabla ya kipindi kwisha na usikilize namna mtangazaji anavyoaga. Yeye ndiye anayeondoka, nao wasikilizaji ni wengi, hivyo tega sikio kwa “slán agaibh”. Ukisikia “slán go fóill”, jua kwamba anatarajia kurudi. Kisha sikiliza mahojiano ya simu na uangalie kama mhojiwa anajibu kwa “slán”, kwa “slán leat” au kwa “slán agat”. Watangazaji wa Donegal, wa Connemara na wa Kerry hawatamki sawasawa, kwa hiyo chagua sauti ya eneo moja, hasa eneo unaloishi au unakotarajia kwenda, na uiige hiyo hadi ikukae mdomoni kabla hujageukia nyingine.